Tundu la Kifuniko

Odilia alifika kwangu Kampemba akitoka Sakania, ana mfuko mmoja wa nguo na kopo la biskuti lililoshika kutu. Sikumjua. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kama mtu asiyetaka kumchelewesha mwenye nyumba, akanieleza kwamba babake, Mwansa, alizikwa mwezi uliopita, na kwamba kabla ya kufa alisema kopo hilo lipelekwe kwa Vero wa mafuta, kama bado yuko hai. "Niliuliza soko muzima," alisema. "Bote banakujua, mama. Banasema unahesabiaka bantu mpaka mifupa ya samaki." Nikamwambia hiyo ni fitina, siku hizi mifupa naihesabu mara moja tu, macho yamechoka. Alicheka kidogo, kisha akalia kidogo, na mimi nikaenda kuweka maji ya chai motoni ili kila mmoja wetu afanye kazi yake peke yake.

Ndani ya kopo mlikuwa na vitu vinne. Nilivihesabu, nikarudia: vinne. Kulikuwa na kibali chake cha kuendesha gari, karatasi imelainika kama kitambaa. Kulikuwa na picha ya kamionete, gari dogo la mizigo, mimi nimesimama pembeni nimeshika fimbo kama askari wa gereza. Kulikuwa na bujie moja, plagi ya motere, nyeusi. Na kulikuwa na kipande cha mpira, cha duara, upana wa mdomo wa kikombe, kilichokatwa kwa kisu kutoka kwenye shambre kuukuu, mpira wa ndani wa gurudumu. Ukingoni kilikuwa na alama mbili ndogo za kisu. Odilia alikishika, akakigeuza. "Hivi vingine tunavijua. Hii njo ilitushinda. Ni kintu gani, mama? Na ni ya nani?" Nikamuuliza kama anaweka sukari.

Mwaka wa picha ile mji huu uliitwa bado Élisabethville, nami nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na vyumba viwili ndani ya lupango, ua wenye ukuta, huko mtaa wa cité Albert. Chumba cha mbele hakikuwa chumba, kilikuwa mabido, madumu ya mafuta ya ngazi, yaani mawese, yaliyopangwa ukutani kama watu wanaongoja daktari, na harufu yake iliingia katika nguo, katika bukari, ugali wetu, katika ndoto. Mafuta yalitoka Kasai kwa treni, na kila bido ilifika inavuja. Wauza mafuta wote tulijua dawa yake: unakata duara la shambre, unalitia chini ya kifuniko, unakaza. Bido iliyozibwa vizuri, ukiifungua, inashusha pumzi, fyuu, na mteja akisikia pumzi ile anajua hakuna aliyeonja kabla yake. Mimi nilitia alama mbili ukingoni mwa kila duara, ili bido zangu zisije zikapotea njia zikalala kwa jirani. Soko lote lilizijua alama zile. Nilijivunia kazi ile kuliko sura yangu, na wakati ule sura yangu haikuwa na kasoro nyingi.

Mwansa alikuja siku moja kununua chupa ya mafuta, akabishana bei muda mrefu hata nikafahamu kwamba hakuja kwa ajili ya mafuta. Alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye kujenga nyumba; Mwansa mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mpole wa kuudhi, anayekula polepole na kuosha sahani yake mwenyewe. Jioni alikaa kwenye benchi langu, tukala bukari na sombe ya majani ya muhogo, na sombe ilipokwisha tulibaki tukizungumza juu ya sahani tupu. Tukapatana hivi: tununue kamionete kuukuu, tufanye msimu mmoja wa samaki, halafu twende kwa padri kufunga ndoa. Mimi ndiye niliyeongeza msimu wa samaki. Yeye alitaka kuanzia kwa padri.

Mgiriki aliyetuuzia kamionete alikuwa ameifanyia biashara ya samaki mpaka mbao zake zikanuka mto Luapula mzima. Niliizunguka mara mbili. Niliona taa moja kipofu, niliona mlango uliofungwa kwa waya, na mwisho, kwa furaha kubwa, niliona tundu katikati ya kifuniko cha tangi, tundu dogo la kupita sindano ya magunia. "Patron," nikasema, "hata mufuniko iko na tundu. Petroli yetu yote itatokea hapa." Mgiriki alimtazama Mwansa, Mwansa akatazama viatu vyake, na Mgiriki akacheka mpaka akakohoa, akatuongezea gurudumu la akiba. Nilidhani anacheka kwa kushindwa. Njiani Mwansa alianza, "Vero, ile tundu..." Nikamkata: "Ile tundu imetupatia gurudumu. Unataka nini tena?" Akanyamaza. Nimeishi na unyamavu ule miaka mingi kuliko nilivyoishi na mtu yeyote.

Biashara yetu ilikuwa hivi. Hatukufika Kasenga, kwa kuwa huko wenye malori makubwa walikuwa wamekwisha kuushika mto wote. Tuliishia nusu ya njia, kwenye kijiji ambapo watu wa baiskeli walileta samaki wa kukausha, wamechoka, wana kiu, hawana moyo wa kurudi nao. Mtu aliyekanyaga baiskeli siku mbili habishani sana. Kwenda tulibeba mafuta na chumvi kidogo, na njia inateremka. Kurudi tulibeba samaki mpaka juu ya vichwa vyetu, na njia inapanda. Tangi moja lililojaa lilitosha kwenda na kurudi. Safari za kwanza zilikwenda kama sala ya mtoto.

Kisha nikaanza kusikia harufu ya petroli ndani ya lupango. Kila mchana, jua likipiga kifuniko, harufu. Nikapima tangi kwa fimbo, nikapima tena, nikaona petroli imepungua upana wa kidole. Nikamuuliza Mwansa. Akasema ni joto. Nikamwambia joto halina bido ya kubebea petroli. Ndiyo siku nilipofanya nilichojua kufanya: nilikata duara la shambre, nikalitia chini ya kifuniko, nikakaza kama ninavyokaza mafuta. Kutoka nje hakikuonekana kitu. Tundu lilikuwa wazi kama jana. Juu yake nikazungusha uzi mwekundu, nikafunga fundo langu. Sikumweleza habari ya mpira. Ukiweka mtego humwonyeshi panya. Nilimwambia tu kwamba kifuniko kile ni changu, mimi ndiye wa kukifungua, na fundo nitalitazama kila akirudi. Alitazama ule uzi muda mrefu. "Sawa," akasema. "Ule uzi ni yako. Sitaugusa, hata gari ife." Alikuwa akitabasamu. Nilichukulia tabasamu lile kama la mtu aliyeshikwa.

Asubuhi ya pili nilifungua kupima. Tangi likashusha pumzi, fyuu, kama bido yangu iliyo bora kabisa. Moyo wangu ukatulia.

Safari iliyofuata alikwenda peke yake, kwa sababu nilikuwa na mafuta ya kupokea stesheni. Alirudi amechelewa kwa saa tano nzima, mikono imeungua, akakaa kwenye benchi bila kunawa. "Vero, motere iko na kintu," alisema. "Kwenda, inaenda muzuri. Kurudi, kama iko na muzigo, pale kwenye mulima inaanza kusita. Inavuta, inaacha. Inavuta, inaacha, sawa muntu mwenye pumu. Kiisha inakufa. Nikingoya nusu saa, inawaka tena sawa haikukuwa kintu." Kilima chenyewe nilikijua, kirefu, chekundu, na chini yake nyumba kama sita na mwanamke mmoja anayeuza munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi. Nikampa chakula. Nikaenda kutazama fundo. Lilikuwa zima.

Safari ya baada ya hiyo nilikwenda naye. Kijijini, tulipomaliza kupakia, nilishuka na fimbo yangu, nikafungua, fyuu, nikapima mara mbili. Chini ya kilima nikamwambia asimame, nikapima tena. Kamionete ikapanda kilima chote na samaki wake bila kusita hata mara moja. Mwansa alishika usukani kwa mikono miwili, anasikiliza, kama mtu aliyemwita shahidi na shahidi amekana. "Inakujua," akasema juu kabisa. "Inakuogopa." Tulicheka sote wawili. Mimi nilicheka kwa mdomo.

Ikawa hivyo miezi miwili. Akienda peke yake, kamionete inakufa kilimani. Nikiwamo na fimbo yangu, inapanda. Tuliipeleka kwa baba Gabrieli, fundi aliyekuwa na gereji yake chini ya paa la mabati nyuma ya soko, mzee wa sikio moja. La pili alisema aliwaachia wazungu wa treni. Akatoa bujie zote, akazipanga juu ya gunia: rangi ya udongo wa kuokwa, nzuri. Akabadilisha kondansa ya umeme wa motere. Akafungua karburatere, akapuliza matundu yake moja moja kwa mdomo, akatema. Akafungua pompo ya petroli, akashika ngozi yake ya ndani dhidi ya mwanga: haina ufa. Akakata bomba, petroli ikamwagika kwa nguvu ndani ya sufuria, kwa sababu nilikuwa nimetoka kupima tangi mbele yake, nisije nikaibiwa na fundi pia. Kisha tukapakia matofali mpaka mbao zikalia, tukapanda barabara ya kwenda uwanja wa ndege na kurudi. Ikapanda kama mbuzi. Baba Gabrieli akafuta mikono, akatutazama. "Gari iko muzima," alisema. "Ninyi bawili njo bagonjwa." Mwansa hakucheka. Akamwambia fundi, polepole, mbele yangu, "Baba, muzigo kidogo na njia mufupi haitaonyesha. Inaanza kisha saa moja ya kupanda." Fundi akanitazama mimi, mwenye gari, kutaka kujua kama aendelee kutafuta. Nikamwambia inatosha.

Ukuta wa lupango wangu ulikuwa wa matofali mabichi, na upande wa pili majirani wawili walikuwa wakisukana nywele kila jumamosi. Nilikuwa napepeta mchele, mkono wangu ukasimama. "Gari gani inachokaka pahali pamoja tu?" mmoja aliuliza. Mwingine akasema, "Gari haina macho ya kuchagua mulima. Muntu njo iko na macho." "Yule wa munkoyo?" "Mi sikutaja jina ya muntu." Wakacheka kicheko kile cha wanawake wenye sindano mdomoni. Nilimaliza kupepeta. Niliupepeta mchele ule mara ya pili, ukiwa safi.

Sasa tazama hesabu yangu, kwa kuwa niliiona nzuri. Nikiwapo, gari zima. Nisipokuwapo, gari gonjwa, na daima mbele ya mlango mmoja. Fundi hakuona kitu. Nani angehitaji kuongeza kitu juu ya hapo? Niliihesabu mara mbili, nikapata jibu lilelile mara zote mbili. Hakuna aliyenifundisha kwamba ukianza vibaya, kurudia hakusaidii.

Mvua ya kwanza ilimkuta kilimani na mzigo wa mwisho wa msimu, mzigo ambao baada yake tungekwenda kwa padri. Alirudi siku ya tatu, asubuhi, saa ya kuchota maji, wanawake wote wamejipanga kwenye bomba. Turubai lilikuwa limepasuka. Samaki walikuwa wamelowa, wameanza kuota ukungu mweupe, na harufu iliingia katika lupango kabla ya gari. Alishuka. Alikuwa na tope mpaka mapajani na macho mekundu. Sikumwuliza kama amekula.

"Ilikufa mara kumi na moja," alisema. "Nilihesabu kama wewe."

"Na munkoyo ulikunywa mara ngapi?"

Bomba likafungwa. Watu walitaka kusikia vizuri. Mwansa akatazama wanawake, akanirudia mimi. "Vero, ninaomba kintu kimoja tu. Panda na mi leo. Tupakie matofali, twende mpaka kule, turudi. Acha fimbo nyumbani. Usishuke, usipime, usifungue kintu. Kaa tu pembeni yangu mpaka juu. Kama haikufa, uniite mwizi mbele ya bote."

Siku nzima, kwenda na kurudi. Ndicho alichoomba. Nimepoteza siku nyingi tangu hapo kwa mambo madogo zaidi. Niliwahi kupoteza siku mbili kwa ajili ya kifuniko cha sufuria. Lakini niliona mtego: bila fimbo, nani ataangalia petroli? Nikasema, kwa sauti ya sokoni, "Kwa padri uende na ule wa munkoyo. Mi sina njia na wewe tena."

Karatasi za kamionete zilikuwa na jina lake, kwa sababu mwanamke hakuandikwa karatasi ya namna ile. Angeweza kupanda na kuondoka nayo, na hakuna ofisi ingenisikiliza. Aliweka ufunguo juu ya bido iliyokuwa karibu na mlango. Akaenda nyuma ya gari, nikamwona anautazama ule uzi mwekundu, umelowa, fundo langu zima. Hakuugusa. Akachukua bujie moja kuukuu kutoka kwenye sanduku la vyuma, akaitia mfukoni, akaenda stesheni kwa miguu. Wanawake wakafungua bomba. Nilijiambia kwamba mwenye haki angeng'ang'ania.

Sikupata dereva kwa haraka, basi baba Gabrieli akakubali kuniendesha yeye mwenyewe, mara moja, kwa ajili ya mafuta na chumvi vilivyokuwa vimenikalia ndani. Sikubeba fimbo. Mzee yule alisali kabla ya kuwasha motere, ungempimaje? Tukashusha mzigo, tukapakia samaki, tukarudi. Kwenye kilima, katikati, kamionete ikavuta, ikaacha. Ikavuta, ikaacha, kama mtu mwenye pumu. Ikafa. Chini niliona nyumba sita na mama wa munkoyo, mwanamke wa miaka kama sitini, anaanika unga.

Baba Gabrieli aliketi akisikiliza kwa sikio lake moja. Kisha akashuka, akaenda nyuma, akakata uzi kwa meno, akafungua. Fyuu. Niliisikia kutoka ndani, ndefu, kama mtu aliyetolewa mto usoni. Akaja kwenye dirisha na kifuniko mkononi, amekigeuza chini juu. "Petroli inatoka, hewa inakosa pa kuingilia," alisema. "Kwenye mulima motere inakunywa mingi, tangi inajifunga. Kila ulipopima, uliipatia pumzi." Akautoa mpira kwa ukucha. Akaona alama mbili. Alikuwa mteja wangu, alinunua mafuta kwangu kila wiki. "Ni ya nani hii, Vero?"

Nilikuwa na muda wa kutosha. Kilima kilikuwa kitupu, hakuna wanawake wa bomba. Nikasema, "Ni yake. Mwansa njo alitia."

Akanitazama. "Sawa, mama," alisema, akautia mpira mfukoni. Motere ikawaka papo hapo, tukapanda hadi juu bila kusita, mpaka mjini.

Habari ile sikungoja watu wengine waipeleke sokoni. Niliipeleka mwenyewe, kabla haijanitangulia: dereva aliyeiziba pua gari yake mwenyewe. Watu walicheka sana. Madereva waliifanya mchezo, wakimwona mwenzao mjinga wanasema, huyu ni Mwansa. Kiangazi kilichofuata alirudi kutafuta kazi. Nilisikia alipita gereji tatu, na katika mbili za kwanza walimwuliza kama amekuja na mpira wake. Gereji ya mwisho ilikuwa ya baba Gabrieli. Ile haikumcheka, lakini haikuwa na kazi.

Kisha alikuja kwenye meza yangu. Jua la saa nne, soko limejaa. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. "Jambo, Vero." "Jambo." Hakununua kitu. Alisimama tu, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa suruali, akanitazama bila hasira, kama mtu aliyekuja mapema na anampa mwenzake muda wa kumaliza kuvaa. Nikaanza kuhesabu chupa. Zilikuwa ishirini na nane. Alikuwa bado amesimama. Nikazihesabu tena kutoka mwisho kuja mwanzo. Nilipoinua kichwa, alikuwa amekwenda, na zilikuwa bado ishirini na nane.

Kwa miaka yote hii nilijifariji kwamba hakujua. Nilisema alikuja kuniaga, au kuona kama nimenenepa. Sasa kopo la biskuti lilikuwa juu ya meza yangu, na nilifahamu mkono ule ulishika nini ndani ya mfuko, na kwamba baba Gabrieli ndiye aliyempa. Angeutoa mbele ya soko lote, na kila muuza mafuta angezisoma zile alama. Hakuutoa. Alikuwa akiningoja niseme mimi.

Odilia alikunywa chai yake polepole, kama babake. Alinieleza kwamba huko Sakania babake aliendesha lori la mbao miaka mingi, na kabla ya kila safari alifungua kifuniko cha tangi, akatega sikio, akafunga. "Sisi batoto tuliwaza anasali. Siku moja nilimuuliza. Akasema, muntu moya alinifundisha." Akauchukua tena ule mpira, akauweka katikati yetu. "Ile muntu unamujua, mama? Hii ni ya nani?"

Akangoja. Alikuwa na namna ileile ya kungoja, bila kuharakisha mtu. Juu ya meza kulikuwa na vikombe, vijiko, sukari, vitu vya kopo. Sikuvihesabu.

"Ni yangu," nikasema.